Kichwa cha Sukari

Kazi yangu ni kukijaza kichwa.
Si changu. Cha plastiki, kimelala mezani,
hakina macho, hakina mdomo wa kulalamika,
sikio tu ndilo lililochongwa kwa makini.
Ninakimiminia ubongo: maji, chumvi,
sukari kilo kumi na mbili,
sukari ile ile ya dukani, yenye picha ya kijiko kwenye pakiti.
Taisto husema hili ndilo fuvu pekee mjini Oulu
linalowaza utamu mtupu.

Kisha tunaibana simu shavuni pake.
Simu hupiga kelele kwa nguvu zake zote,
kelele isiyosikika, kama mtu anayemwita mwenzake
ng'ambo ya ziwa lililoganda,
na roboti hushusha sindano ndani ya ule uji mwepesi,
ikigusa hapa, ikigusa pale, ikiuliza kila tone:
umepata joto? Umepata kiasi gani?
Namba ikiwa chini ya mstari, muhuri.
Ikiwa juu, simu hurudi ilikotoka.
Miaka kumi na tisa. Sijaona kichwa kile kikiumwa.
Wala sijaona kikikumbuka kitu.

Watu huniuliza, kwenye sauna, kwenye foleni ya posta:
Inaua? Tuambie wewe uliye jikoni.
Sijui wanachotaka nijue.
Waliosoma kunizidi bado wanavutana.
Ninachokijua ni kidogo, kinaenea kiganjani:
isogeze simu upana wa vidole viwili,
namba huanguka kama ndoo iliyokatika kamba.

Basi nyumbani mimi ni kero.
Oiva, mwanangu, amenikariri:
usilale nayo chini ya mto;
ndani ya lifti subiri, mle huutafuta mnara
kama kipofu aliyeangusha fimbo, na huzidi kupaza;
andika, usipige; ukipiga, tia nyaya masikioni.
Huitikia, ndiyo mama, ndiyo mama,
simu imemng'ang'ania shavuni kama ruba.

Na mama yangu, Lempi, kule Kuusamo,
tuliongea kwa spika, simu juu ya kikapu cha mikate,
mimi nikimenya viazi hatua mbili kando,
yeye akifoka: Raili! Mbona uko ndani ya pipa?
Siko ndani ya pipa, mama. Niko mbali kidogo tu.
Mbali na nini?

Februari akalazwa.
Nesi alipiga saa tisa usiku: anataka kukusikia.
Kwa mazoea nikaitua simu kikapuni, nikawasha spika,
jiko likajaa mvumo wa mashine, mchakacho wa shuka,
na katikati ya mvumo kitu chembamba kuliko uzi.
Nikasema, mama, paza.
Hakuwa na cha kupaza.

Nikaichukua.
Nikaigandamiza mpaka sikio likaniuma,
la pili nikaliziba kwa kidole.
Hapo ndipo nilipomsikia. Alikuwa akiuliza
kama nimefunga dirisha la ghala,
kama paka amekula.
Paka huyo alikufa nikiwa darasa la nne.
Amekula, nikamwambia. Amekula samaki, amelala.

Dakika arobaini na moja.
Ninaijua namba yake. Ninaweza kukuchorea
mahali joto lilipopenya, nyuma kidogo ya sikio,
duara hafifu, kama alama ya kikombe
juu ya meza ambayo hakuna aliyeifuta.

Jumatatu baada ya mazishi nilimwambia Oiva,
ondoa kitu hicho shavuni.
Akaondoa. Hata hakubisha, na hilo likanichoma zaidi.

Kazini kichwa kilikuwa kinanisubiri, kitupu.
Nikakoroga sukari mpaka maji yakawa mazito.
Nikachukua kitambaa, nikalifuta lile sikio,
taratibu
kuliko zinavyotaka taratibu.